Kipenga na Baraza

Kilosa ni mji wa njia. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi kutoka Unyamwezi ilikatiza nchi ya Usagara ikielekea Bagamoyo. Baadaye Reli ya Kati ilipita hapo, mashamba ya mkonge yakafunguliwa Kimamba, na reli ya tawi ikajengwa kupitia Mikumi hadi Kidatu, penye mashamba ya miwa. Watu wa makabila mengi wakakutana kazini, na jioni wakakutana kiwanjani. Kandanda, mchezo uliokuja na ukoloni, ukawa wao. Pamoja nao ukaja ugomvi wake wa kudumu: je, refa ameamua kwa haki?

Ili tuuelewe ugomvi huo, yatupasa kutambua kwamba refa alikuwa hakimu wa namna mpya kwetu. Katika jadi za Wasagara na Wakaguru, kama katika jadi nyingi za nchi yetu, shauri lilipelekwa mbele ya wazee. Kila upande ulisikilizwa, mashahidi wakaulizwa, na jua likichwa kabla ya kuafikiana, shauri liliendelea kesho. Refa hana kesho. Huona mara moja, hupuliza kipenga, na neno lake juu ya tukio la mchezo ni la mwisho. Hata Waingereza hawakuanza hivyo. Kabla ya mwaka 1891 kila timu ilikuwa na mwamuzi wake, na refa aliyekaa nje ya mstari aliulizwa pale tu hao wawili waliposhindwa kupatana. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Ndipo refa akaingizwa kiwanjani na kupewa mamlaka yote.

Mamlaka hayo hayakumwondolea ubinadamu. Tarehe 1 Oktoba 2016 Simba na Yanga zilikutana katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na refa wa siku hiyo alitoka Morogoro, mkoa uleule wenye Kilosa na Mikumi. Amissi Tambwe wa Yanga alifunga bao ambalo Simba walidai kuwa mpira uliguswa kwa mkono. Bao likakubaliwa. Katika malalamiko hayo Jonas Mkude wa Simba akapewa kadi nyekundu, na mashabiki wakang'oa viti. Dakika za mwisho Shiza Kichuya akasawazisha kwa mpira wa kona, mchezo ukaisha 1-1. Baadaye kadi ya Mkude ilifutwa; bao likabaki. Hapo twauona mpaka wa sheria: adhabu ya mchezaji yaweza kupitiwa upya barazani, lakini bao halirudishwi. Kama lingerudishwa kila anapolalamika aliyefungwa, hakuna ligi ambayo ingemalizika. Tangu Kombe la Dunia la 2018 marefa wamesaidiwa na picha za video, lakini anayekata shauri bado ni binadamu.

Basi, tukiwa na hakimu awezaye kukosea na hukumu isiyongoja, twahitaji kitu cha kuupoza moyo. Jadi yetu inacho: ni utani. Katika njia zile za misafara utani uliwawezesha wageni na wenyeji kuambiana maneno makali bila kushikana mashati, na mtani huyohuyo alifika msibani kusaidia kuzika. Si bure kwamba Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi. Anayemcheka jirani yake kwa bao la utata anatania; anayeng'oa kiti kilichonunuliwa kwa fedha ya wananchi ameuvunja utani wenyewe.

Kwa hiyo vijana wetu wanapocheza katika viwanja vya Kilosa na Mikumi, na wafundishwe sheria za mchezo pamoja na adabu ya kupinga. Kulalamika kwa kufuata taratibu ni haki ya kila timu. Lakini wazee walikwisha kusema: asiyekubali kushindwa si mshindani.