Mbwa Anapohamia Boma Jingine: Malezi ya Mbwa Rangwe

Mbwa wa Rangwe, katika kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, mara nyingi hazaliwi katika boma atakalolinda. Huzaliwa kwa jirani, kwa shangazi au kwa rafiki wa baba, kisha huletwa akiwa bado mdogo na kuzoezwa watu, mifugo na mipaka ya boma jipya. Hakuna daftari wala karatasi ya makubaliano. Mwenye watoto wa mbwa hutafuta wa kuwachukua kabla chakula hakijawa tatizo. Njia hii ya kumpatia mbwa makao ni ya zamani kuliko chama chochote cha kutetea wanyama nchini Kenya.

Sababu yake ilikuwa ulinzi. Wajaluo wa Kagan, Gem na Kochia, sehemu za Rangwe, walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na usiku fisi na chui walikuwa tishio la kweli. Upande wa magharibi lipo bonde la Lambwe lenye wanyamapori, ambalo sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966 na kuwa Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka 1983. Kwa Kijaluo mbwa ni guok, lakini wengi hupewa majina ya Kiswahili, na Simba ni jina la kawaida. Hapo pana kichekesho kidogo, kwa kuwa simba kwa Kijaluo ni nyumba ya kijana ambaye hajaanzisha boma lake.

Tofauti na desturi hiyo, makao ya mbwa waliookolewa ni wazo la mjini. Huko London, Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea mwaka 1860, ambayo baadaye yalihamia Battersea. Nchini Kenya, chama cha kutetea wanyama kinachojulikana leo kama KSPCA kina mizizi yake mwaka 1910, katika Nairobi ya walowezi. Kazi yake ya kuwapokea mbwa, kuwatibu na kuwatafutia walezi ilikua ikiwalenga wateja wa aina hiyo: watu wenye ua uliozungushiwa uzio, na daktari wa mifugo wa kumwita.

Mashambani serikali ilimtazama mbwa kwa jicho jingine, la kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo uliripotiwa nchini mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Kwa miaka mingi mbwa mzururaji aliuawa kwa sumu au risasi. Hata hivyo, kuua peke yake hakukomeshi ugonjwa: anayekufa huacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa upesi na mbwa mwingine ambaye hajachanjwa. Pia si kila anayezurura hana mwenyewe. Mbwa wa boma lisilo na uzio hutembea mchana na kurudi jioni.

Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kutokomeza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Homa Bay ikawa miongoni mwa kaunti tano za majaribio, pamoja na Kisumu, Siaya, Kitui na Makueni. Wataalamu hulenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, tena kila mwaka. Katika kampeni za namna hii watoto ndio mara nyingi huwavuta mbwa kwa kamba hadi kwenye kituo cha chanjo.

Ni hapa desturi ya zamani inapokutana na hesabu ya wataalamu. Mbwa wengi wa mashambani hufa mapema na wapya huzaliwa kila mara, hivyo sehemu ya mbwa wenye kinga hupungua hata kama chanjo ya mwaka jana bado inawalinda waliochanjwa. Mtoto wa mbwa anayehamishwa baada ya kampeni huwa hana kinga. Wakati wa kampeni nako, wenye nyumba wengi humwacha nyumbani wakidhani ni mdogo mno, ilhali Shirika la Afya Duniani hushauri hata walio chini ya miezi mitatu wachanjwe. Mbwa aliyechanjwa hupewa cheti kwa jina la mwenye mbwa. Akipewa jirani, cheti hicho kinapaswa kwenda naye.