Ahadi ni Deni: Mapenzi, Heshima na Hila katika "Mabepari wa Venisi"

Mwaka 1969 Oxford University Press ilichapisha tafsiri ya pili ya Shakespeare iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere, wakati huo akiwa Rais wa Tanzania. Ya kwanza, ya mkasa wa Julius Caesar, ilikuwa imetoka mwaka 1963. Hii ya pili ni komedia ambayo kwa Kiingereza imepewa jina la mfanyabiashara mmoja wa mji wa Venice. Mwalimu aliiita Mabepari wa Venisi. Jina hilo limezungumzwa sana, na sababu haijifichi. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na "bepari" lilikuwa jina la adui katika redio na katika mikutano ya hadhara. Nakusudia kulitazama tena kwa jicho la mpenzi wa lugha, kwa kuwa naona limebeba zaidi ya siasa.

Neno "bepari" halikuzaliwa na Azimio. Lilifika pwani pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, na katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 maana yake ni mchuuzi, mfanyabiashara, bila lawama yoyote. Maana ya mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine ilikuja kuzidi nguvu baadaye. Kwa hiyo mwaka 1969 mzee wa pwani aliweza kulisoma jina la kitabu akaona wafanyabiashara, na kijana wa mikutano ya TANU akaona wanyonyaji. Wote wawili walikuwa wamesoma sawasawa.

Kisha kuna kiambishi. Mfanyabiashara wa jina la Kiingereza ni mmoja, naye ni Antonio, ingawa wengi humdhania Shylock. Mwalimu alitia "ma-", na kwa silabi hiyo moja akabadili swali. Hatuulizi tena ni nani bepari wa Venisi. Tunauliza ni nani asiye bepari. Nadhani hapa ndipo mfasiri alipoifahamu tamthilia kuliko wengi walioichezesha jukwaani, maana wao walimtwika Myahudi mmoja uchoyo wa mji mzima.

Tazama mapenzi yenyewe yanavyoanza. Bassanio ni kijana wa ukoo bora aliyekwisha tapanya mali yake. Anataka kumposa Portia wa Belmont, mrithi tajiri, lakini hana cha kumfanya aonekane anafaa. Anamwendea rafiki yake Antonio, ambaye mali yake yote iko baharini. Antonio naye anamwendea Shylock, na Shylock anatoa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, bila riba, kwa sharti kwamba deni lisipolipwa kwa wakati atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa mdhamini. Basi posa inaingia Belmont ikiwa imevaa nguo za mkopo. Huko mposaji anapimwa kwa visanduku vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Bassanio anachagua kile cha risasi, akieleza kwa ufasaha kwamba sura ya nje hudanganya. Anayesema hayo ni mtu aliyekuja kwa sura ya nje iliyokopwa. Simwiti tapeli, kwa kuwa anampenda Portia kweli, lakini mapenzi yake na hesabu yake vimefungwa katika furushi moja.

Waswahili tuna methali inayoweza kuwa jina la pili la tamthilia hii: ahadi ni deni. Mwandishi wa Kiingereza alihitaji matukio mengi ili kuonyesha kwamba hati ya mkopo na kiapo cha ndoa ni vitu vya jamii moja. Kiswahili kimelisema kwa maneno matatu. Tena tuna vitenzi "kuwia" na "kuwiwa", ambavyo wengi wamevisahau: mwia ni mwenye kudai, mwiwa ni mwenye kudaiwa. Tukipita katika Venisi na vitenzi hivyo mkononi, hatupati mtu aliye huru. Antonio anawiwa na Shylock, Bassanio anawiwa na Antonio, Portia anawiwa na marehemu baba yake aliyemfungia hiari ndani ya visanduku.

Deni likafika barazani, na Shylock akaja na mizani. Neno hilo sisi tunalitumia kwa chombo cha sokoni na kwa hesabu ya silabi za ubeti, na mahali pote pawili kosa ni lile lile: kuzidisha au kupunguza. Hapa Laela, mji unaoishi kwa mahindi ya uwanda wa Ufipa, mkulima anajua gunia la lumbesa ni nini. Ni gunia lililoshindiliwa na kuvimbishwa juu, likahesabiwa kuwa moja. Hakuna uongo uliotamkwa. Neno "gunia" limetimizwa, haki imekimbia. Hila ya Portia ni lumbesa iliyogeuzwa. Akiwa amevaa joho la mwanasheria kijana, anamruhusu Shylock achukue nyama yake, lakini nyama tu, bila tone la damu, na ratili kamili, isizidi wala kupungua. Aliyeshikilia herufi ya hati ananaswa kwa herufi hiyo hiyo. Tunashangilia, na ni haki kushangilia uhai uliookolewa. Ila tukumbuke kwamba aliyeshinda hakuwa mwanasheria, na kwamba baada ya ushindi Shylock ananyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini. Hila iliyoanza kwa kuokoa inamalizikia kwa kuvunja heshima ya mtu.

Kisha inakuja pete. Portia alimvisha Bassanio na kumwonya asiivue, asiipoteze, asiigawe. Bassanio akaapa kwa uhai wake. Sasa yule "mwanasheria" anakataa malipo ya fedha na kuomba pete hiyo. Bassanio anasita, Antonio anamsihi, na pete inatolewa. Ufipa pana simulizi la kale, lililoandikwa na mwanaanthropolojia Roy Willis, ambalo ni kama kioo cha tukio hili. Mkuu wa Milansi alimwonya mkewe kwamba wageni watakuja, asiwape kigoda cha utawala. Akaenda kuwinda. Wakaja wanawake wageni, wakakidai kigoda, na mke akakitoa. Mkuu aliporudi hakusema kwamba kilichopatikana kwa ujanja si halali. Waliafikiana: wageni wakapata nchi, yeye akabaki na Milansi yake na heshima ya mambo ya jadi. Huko Belmont mwenye kuonywa ni mume, Milansi ni mke. Pote pawili kitu kidogo kinabeba neno kubwa. Tofauti ni mwisho wake. Portia anairudisha pete kwa kicheko na kusamehe, kwa sababu aliyeipokea alikuwa yeye mwenyewe. Milansi hakuna aliyerudisha kitu. Walioishi pale iliwabidi kujenga heshima juu ya hasara.

Lakini katika tamthilia hii pana pete nyingine, na ndiyo inayonifanya niliheshimu zaidi lile "ma-" la Mwalimu. Jessica, binti wa Shylock, anapotoroka na mpenzi wake Lorenzo, anachukua vito vya baba yake, na pete moja ya feruzi anaibadilisha kwa nyani. Shylock anapopewa habari hizo analia kwamba pete ile alipewa na Leah kabla hawajaoana, na kwamba asingeitoa hata kwa pori zima la nyani. Huyu ndiye mtu ambaye mji mzima unamwita mla riba asiyejua ila fedha. Bassanio na rafiki yake Gratiano, waungwana wa Venisi, wametoa pete za wake zao ndani ya siku moja na harusi bado mbichi. Yeye alitunza ya mkewe miaka yote, na ikamtoka kwa kuibiwa.

Kwa hiyo jina la kitabu linamtendea haki msomaji anayekubali wingi wake. Ukilisoma kama tusi la kumtupia mtu mmoja, utafika mwisho ukicheka na washindi. Ukilisoma kama hesabu ya wote, utauliza kila mmoja ametimiza deni gani la ahadi, na utakuta kwamba aliyetunza pete yake kwa uaminifu ndiye ambaye komedia inamwacha nje ya karamu.