Mgeni wa Usiku: Historia ya Mnyonya Damu, Tamaa na Woga

 Zamu hii tuko kwenye historia. Wengi wenu mmeona sinema za vampaya kule kibandani, VJ anatafsiri kwa sauti, watoto wanapiga kelele meno yakitoka. Lakini hii hadithi ilitoka wapi? Na kwa nini tangu zamani imebeba mambo mawili kwa pamoja: woga wa mgeni, na tamaa ambayo watu hawathubutu kuitaja?

Tuanze Ulaya. Kwa wanavijiji wa kule, mnyonya damu alikuwa maiti iliyovimba inayotoka kaburini. Mwaka 1819 daktari kijana wa London, John Polidori, alitoa hadithi fupi, The Vampyre, akambadilisha. Akamvalisha vizuri, akamfanya bwana mkubwa mwenye mvuto, anayekaribishwa kwenye kila karamu. Toka hapo mnyonya damu hana haja ya kuvunja mlango. Watu wenyewe wanamfungulia.

Kati ya 1871 na 1872 mwandishi wa Ireland, Sheridan Le Fanu, akatoa Carmilla. Laura ni msichana mpweke, anaishi na baba yake katika jumba la kale huko Styria, Austria. Siku moja gari la farasi linapata ajali karibu na kwao. Mama mmoja anasema safari yake haiwezi kungoja, anamwacha binti yake, Carmilla. Baba anampokea kama mgeni. Carmilla anamshika Laura mkono, anambusu shavuni, anamwambia maneno ya mapenzi. Laura anasimulia kwamba alivutwa na kuchukizwa kwa wakati mmoja. Usiku anahisi kitu kinamchoma kifuani, na siku kwa siku anadhoofika.

Mwisho wake ni mkali. Wanaume wanafungua kaburi, mti unapigiliwa moyoni, kichwa kinakatwa, mwili unachomwa, majivu yanatupwa mtoni. Lakini angalia jambo moja: miaka mingi baadaye Laura bado anadhani anasikia hatua nyepesi za Carmilla mlangoni. Kitabu kimemuua Carmilla, ila hakikuweza kumtoa moyoni mwa Laura.

Kwa nini mambo hayo yaliweza kuchapishwa zama za Malkia Victoria? Mimi naona ni kwa sababu aliyependa vile alikuwa zimwi. Msichana wa kawaida asingeruhusiwa kusema maneno yale. Zimwi liliruhusiwa, mradi mwishoni liuawe.

Na nje ya vitabu mambo hayakuwa mchezo. Mwaka 1895 mwandishi Oscar Wilde alihukumiwa London miaka 2 ya kazi ngumu, kwa sheria ya 1885 iliyokataza mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Miaka 2 baadaye Bram Stoker akatoa Dracula. Stoker alimfahamu Wilde tangu Dublin, na mke wake, Florence, aliwahi kuwa mpenzi wa Wilde. Ndani ya kitabu chake, Dracula anawafukuza wanawake watatu wanaotaka kumnyonya kijana Harker, akidai kijana ni wake. Mambo yanaishia hapo, mwandishi hasemi zaidi. Waingereza walileta sheria zao mpaka makoloni, Uganda ikiwemo. Leo sheria ya mwaka 2023 imezidisha ukali, na kutangaza mambo hayo peke yake kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka 20. Kwa hiyo tusome historia kwa akili.

Sasa turudi kwetu, maana hata sisi tuna wanyonya damu wetu. Pwani wazee walimwogopa mumiani. Nairobi na Kampala za wakoloni watu walisema wazimamoto wanakamata watu usiku na kuchukua damu yao. Katanga walikuwa na batumbula. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizi katika kitabu chake cha mwaka 2000. Humo kuna zile za Nairobi zilizodai wanawake wenye vyumba vyao wanawauza wageni wao wa usiku kwa wazimamoto. Unaona? Mwanaume anafuata tamaa yake, kisha hadithi inamlaumu mwanamke anayejitegemea.

Mwaka 1995 Pemba na Unguja wakaingiliwa na hofu ya popobawa, zimwi lenye jina la popo, lililosemwa kuwaingilia watu kitandani, wanaume kwa wanawake. Familia nzima zililala nje kando ya moto. Jambo ambalo wanaume hawakuwahi kulitaja hadharani, sasa likawa linasimuliwa kwa majirani, kwa sababu limefanywa na zimwi. Lakini hofu ilitafuta mwili wa kupiga: Unguja, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliodhani ndiye popobawa. Damu iliyomwagika ilikuwa ya kweli. Zimwi halikuonekana.

Na hapa West Nile? Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, aliua watu wengi, hilo halina ubishi. Mwaka 1977 aliyekuwa waziri wake, Henry Kyemba, akiwa ameshakimbia nchi, alichapisha kitabu kilichounganisha ukatili ule na mila za damu za Wakakwa. Makosa ya mtu mmoja na serikali yake yakawa tabia ya kabila zima. Amin alianguka 1979. Mwaka 1980 jeshi jipya likaja kulipiza kisasi, watu wa Arua na Koboko wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliojificha katika misheni ya Ombaci waliuawa na wanajeshi. Sababu zilikuwa za siasa na vita, sikatai. Lakini ukishaambiwa jirani yako ni mnywa damu, kumuua kunakuwa rahisi. Wazee wanaotupokea leo walikuwa wakimbizi upande wetu wakati ule.

Mwaka 1991 Jewelle Gomez, mwandishi mweusi wa Marekani, akageuza hadithi yote katika The Gilda Stories. Shujaa wake ni msichana mtumwa aliyetoroka shamba, mwaka 1850. Anapokelewa na wanawake wawili wanaopendana, ambao ni wanyonya damu, na baadaye yeye mwenyewe anakuwa hivyo. Anachukua damu bila kuua, na kila anayemnyonya anamwachia kitu: ndoto njema, au nguvu ya kuendelea. Safari hii mkimbizi ndiye shujaa wa hadithi, na hakuna anayekata kichwa chake mwishoni.

Ndugu, sisi tunajua maana ya kuwa mgeni aliyefika usiku bila kitu. Kwenye block zetu pia maneno yanatembea: yule ni mchawi, yule si mtu wa kawaida, yule anaharibu watoto. Kabla hujaforwadi ujumbe kama huo, uliza ni nani ameona kwa macho yake, na nani atafaidika yule mtu akifukuzwa. Halafu ukakae na wazee wa Arua au Koboko, uwaombe wakusimulie mwaka 1980 ulikuwaje kwao. Mkipata hadithi zao, zileteni hapa tuziandike.