London ya Shakespeare Iko Chini ya Ofisi

Ukienda London kutafuta Shakespeare, watakupeleka Globe. Jumba ni zuri, paa la nyasi, kando ya mto Thames. Lakini lilifunguliwa 1997. Ni mfano tu wa lile la zamani, ambalo halikuwa mbali na hapo na lilibomolewa karne ya 17.

Na hilo la zamani lilianza na vita vya mwenye ploti. Mwaka 1576 James Burbage alijenga jumba la maigizo Shoreditch kwa ardhi ya kukodi. Mkataba ulipoisha, hawakusikizana na mwenye ardhi. Desemba 1598 wanawe Burbage wakaja na fundi, wakang'oa mbao zote. Mbao hizo ndizo zilijenga Globe ng'ambo ya mto 1599. Halafu 1613, mchezo ukiendelea, mzinga ukafyatuliwa, paa likashika moto, jumba lote likaisha.

Sasa nini kimebaki? Kanisa la St Helen's, Bishopsgate, bado limesimama katikati ya maghorofa ya vioo. Ni mtaa huo ambapo 1597 watoza kodi walimwandika Shakespeare kwa kutolipa shilingi 5. Eeh wasee, hata yeye alikuwa na deni la kodi.

Lakini inayonigusa zaidi ni Rose, jumba la 1587. Mwaka 1989, kabla ya ofisi mpya kujengwa Southwark, wachimbaji wa mambo ya kale walipata msingi wake. Ulikuwa karibu kupotea. Waigizaji kama Ian McKellen na Peggy Ashcroft, pamoja na raia wa kawaida, wakaenda kusimama pale kuzuia ujenzi. Mwishowe ramani ya jengo ikabadilishwa. Leo ofisi iko juu, msingi uko chini, umefunikwa mchanga na maji ili usiharibike, na taa nyekundu zinaonyesha kuta zilipopita.

Kwa hivyo msiniambie ati kitu kikiwa maarufu kitajilinda. Huyu ni Shakespeare, na bado nusura wammwagie saruji. Kelele za watu ndizo zilimwokoa.

Michezo yake yenyewe haina shida, inasafiri. Mwaka 2012 waigizaji wa Kenya walipanda jukwaa la Globe na kucheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Lakini msingi ukishachimbwa na tingatinga, hakuna wa kuutafsiri. Mtaani kwenu wakizungusha mabati mahali pa zamani, nani ataenda kuuliza?