Gobore si Bunduki Yoyote

Wanafunzi wetu wengi hufasiri "gobore" na "bunduki" kana kwamba ni kitu kimoja. Katika kamusi kosa hilo ni dogo, lakini katika historia ni kubwa.

Gobore hushindiliwa kwa mdomoni. Askari humimina baruti, hutia risasi, kisha huisukuma hadi chini kwa mdeki, yaani ufito wa kushindilia. Kazi hiyo hufanywa vyema kwa kusimama, naye hupiga mara mbili au tatu tu kwa dakika.

Huko Prusia, fundi Johann Nikolaus von Dreyse alibuni bunduki ya kujazwa kwa nyuma, iliyoingia jeshini kama bunduki ya mwaka 1841. Baruti, fataki na risasi vilifungwa pamoja katika karatasi. Askari alifungua komeo, akaingiza kifurushi, akafunga. Alipofyatua, sindano ndefu ilitoboa karatasi, ikapenya baruti na kugonga fataki iliyokaa kitakoni mwa risasi. Aliweza kupiga mara tano kwa dakika, tena akiwa amelala.

Ilikuwa na dosari: moto ulivuja nyuma, sindano ilivunjika, na gobore la Austria lenye mifuo lilifika mbali zaidi. Hata hivyo, tarehe 3 Julai 1866 huko Königgrätz, Waaustria walishambulia kwa singe wakiwa wamesimama. Austria na washirika wake walipoteza watu zaidi ya 40,000, wakiwamo mateka; Prusia kama 9,000. Tangu hapo kila dola kubwa ya Ulaya iliharakisha kuacha gobore.

Afrika je? Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha hizo mpya zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara, ila uliruhusu, kwa masharti, magobore ya gumegume na baruti ya kawaida. Hivyo, katika Vita vya Maji Maji (1905–1907), wapiganaji wenye mikuki na magobore walikabiliana na askari wa Wajerumani waliobeba Mauser ya mwaka 1871, inayojazwa kwa nyuma.

Basi, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikutana na kitenzi "kushindilia" katika masimulizi ya vita hivyo, usimpe maana peke yake. Mwambie ahesabu sekunde ishirini, na akumbuke kwamba upande wa pili hawakuwa wakingoja.