Kichi: Istilahi na Picha za Kivuko cha Likoni

Wahakiki wa sanaa wana neno la Kijerumani, kitsch, ambalo limehamia katika lugha nyingi likiwa vilevile lilivyo. Hulitumia kwa kazi iliyotengenezwa iwapendeze wengi, tena upesi: mandhari ya machweo yenye rangi za kukoza, maua ya plastiki, sanamu ya malaika anayetabasamu. Kazi hiyo inapendwa, na kwa anayelitumia neno hili kupendwa huko ndiko kosa lake, kwani mtazamaji ameshapewa raha kabla hajajisumbua kutazama. Anayetaka kulieleza jambo hili kwa Kiswahili ana njia tatu: alitohoe neno, alifasiri kwa neno tulilo nalo, au aunde jipya. Kabla ya kuchagua, heri alipime kwanza kwa picha halisi. Mwambao wetu unazo, zile za vibanda vya kivuko cha Likoni, Mombasa.

Asili ya neno haijulikani vizuri kuliko hivi: lilisikika katika soko la picha za kuchora mjini Munich kwenye miaka ya 1860 na 1870, likitajwa kwa dharau kuhusu kazi za bei rahisi zilizokuwa zikiuzwa harakaharaka. Aliyelipa uzito wa nadharia ni mhakiki Mmarekani Clement Greenberg, katika insha ya mwaka 1939. Hoja yake ilikuwa kwamba viwanda viliwavuta wakulima mijini, wakaziacha sanaa za kwao, wakajua kusoma, lakini hawakupata faragha wala starehe ya kuizoea sanaa ya wenye nacho. Soko likawatengenezea mbadala wa bandia. Humo Greenberg alitia majalada ya magazeti, matangazo, hadithi za mapenzi za bei nafuu na filamu za Hollywood.

Wateja wa vibanda vya Likoni katika miaka ya 1990 walikuwa takriban watu haohao. Wengi walitoka bara kuja kutafuta kazi bandarini, hotelini na majumbani mwa watu. Wapiga picha wenyewe pia, wengi wao, walikuwa wa bara. Walianza kwa kuzunguka na kamera barabarani, kisha wakajenga vibanda vya mbao pale watu wanaposhuka na kupanda feri. Ndani ya kibanda kulijaa mapazia, mapambo ya kumetameta, maua ya plastiki na michoro ya meli, ndege na majumba marefu. Mteja alisimama katikati ya vyote hivyo, akapigwa picha ya rangi, akaitia katika bahasha kwenda nyumbani.

Kwa kipimo cha Greenberg kesi imekwisha: hiyo ni kitsch tupu. Lakini mwaka 1998 wanaanthropolojia wawili, Heike Behrend na Tobias Wendl, waliandaa maonyesho ya wapiga picha wa studio wa Afrika, na kazi za kivuko cha Likoni zilikuwamo. Maonyesho hayo yalifanyika katika makumbusho ya jiji la Munich. Mji uliozaa neno la kudharau picha za namna hii ndio uliozitundika ukutani ili zitazamwe kwa makini. Karatasi ni ileile na meli iliyochorwa ni ileile. Kilichobadilika ni macho yanayotazama, na maswali yanayoulizwa.

Mwenye picha naye alikuwa na swali lake. Kwetu picha husifiwa kwa kitenzi kimoja: imetoka. Uso unaonekana, nguo imekaa, miguu haikukatwa, mtu ametoka kama anavyotaka kujulikana. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, katika utafiti wa upigaji picha uliochapishwa mwaka 1965, alieleza kwamba watu wa kawaida huipima picha kwa kazi inayofanya: ni ya nani, itatumwa wapi, itakumbusha nini. Kwa kipimo hicho meli ya nyuma ina jambo la kusema. Mama aliyeko Machakos au Kisumu anaposhika picha hiyo, anasoma kwamba mwanawe amefika penye meli, yu mzima, na anavaa viatu.

Tena maana hiyo haikuganda. Tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na katika majuma yaliyofuata watu wa bara waliuawa, vibanda vya biashara vikachomwa, maelfu wakakimbia. Tangu hapo, picha ya mtu wa bara aliyesimama kivukoni akitabasamu haikuwa tena salamu tu. Ilikuwa pia dai la kuwa na mahali Mombasa. Mtazamaji asiyeijua Likoni haoni hilo. Ataona maua ya plastiki.

Basi tulifasiri vipi? Neno urembo halifai, maana ni sifa njema. Madoido linakaribia, kwa kuwa hutaja vikorombwezo vya kunogesha, ila mtu anaweza kusifiwa kwa madoido yake. Mbwembwe lina kejeli, lakini hulenga mwenendo wa mtu kuliko kitu alichokitengeneza. Sanaa ya bei rahisi ni maelezo marefu, na tena yanapotosha: sebule ya tajiri wa Nyali yenye simba wa dhahabu mlangoni inaweza kustahili neno hili kuliko kibanda chochote cha Likoni.

Linalobaki ni kutohoa: kichi. Ni fupi, linatamkika, na linazaa: vichi kwa wingi, ukichi kwa dhana. Pia linaangukia katika ngeli ya KI-VI, ambamo ki- tayari hudunisha, kama katika kijitu na kijumba. Kwa bahati tu, sarufi yetu inalipa neno la kigeni ile dharau lililokuja nayo. Pendekezo langu ni kugawa kazi: madoido yataje vile vinavyoonekana ndani ya picha, na kichi kitaje uamuzi wa mhakiki juu yake. Mwanafunzi akiandika “picha hii ina madoido mengi”, ameeleza. Akiandika “picha hii ni kichi”, amehukumu, na hukumu hudai ushahidi.

Ushahidi upo, kwani si kila kinachopendwa kina maana. Ufukweni Bamburi mgeni huelekezwa akunje vidole ili aonekane ameushika mwezi au jua. Aliyemfuata atafanya hivyohivyo, na anayekuja baadaye pia. Mbadilishe mtu, picha haipungukiwi kitu. Mtoe mteja mbele ya meli ya Likoni, na barua iliyokuwa ikienda nyumbani imekufa. Jaribio hilo la kubadilisha linatenga kichi na picha pendwa vizuri kuliko kuhesabu maua.

Kwa kamusi, basi, ingizo lingesomeka hivi: kichi, nomino, wingi vichi, kazi ya sanaa inayohukumiwa kuwa inapendeza bila kubeba maana ya pekee kwa inayemwonyesha wala kwa inayemfikia. Na maelezo ya matumizi: anayelitumia ataje kwanza picha ilitumwa kwa nani.