Nabongo Mumia: shujaa au msaliti? Uliza mathe wangu

Jumapili iliyopita buda alituamsha mapema, akatangaza ati familia yote inaenda Mumias kuona kwa wafalme. Mimi mtoto wa Kakamega mjini nikacheka. Mumias? Kwa miwa? Sisi huku mjini tumezoea kuiona kama ushago tu. Nikachaji simu, nikajipanga kuboeka.

Tukapanda matatu, tukapita Shianda, miwa kila upande, mpaka kijiji cha Matawa. Hapo ndipo kuna makaburi ya wafalme wa Wanga na makumbusho madogo. Ni pazuri bana. Kimya, kivuli, hewa safi. Mzee mmoja akatupokea, akaanza stori.

Nabongo ni cheo cha mfalme. Koo nyingi za Waluhya ziliongozwa na wazee, lakini Wanga walikuwa na ufalme kamili. Mumia alimrithi babake, Shiundu, miaka ya 1880 ikianza. Wakati huo misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pwani ilikuwa inafika hapo kutafuta pembe za ndovu. Ndiyo maana Uislamu na Kiswahili vina mizizi Mumias toka zamani. Mzungu Joseph Thomson alifika 1883. Askofu Hannington alipitia hapo 1885, akaenda kuuawa Busoga. Halafu 1894 Waingereza wakafungua kituo chao cha utawala hapo hapo, wakati sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Ndio, Uganda! Tulihamishiwa upande wa Kenya 1902.

"Mumia alikuwa na akili," mzee akasema. "Wengine walipigana na wageni wakaisha. Yeye aliwakaribisha."

Buda akatingisha kichwa, kifua mbele. Yeye ni wa Wanga. Lakini mathe ni Mbukusu, na nilimwona amenyamaza ile kunyamaza yake.

"Samahani mzee," akasema polepole. "Na sisi wa Chetambe je?"

Hapo ndipo nilizima kamera.

Kama hujui, ni hivi. 1895 Waingereza wakiongozwa na Hobley walienda kuwapiga Wabukusu, kwanza Lumboka, halafu Chetambe, karibu na Webuye. Wabukusu walijificha nyuma ya kuta za udongo na mitaro. Upande ule mwingine kulikuwa na bunduki za kisasa, askari wa Kisudani, na wapiganaji wa Wanga. Watu wengi walikufa, ng'ombe wakachukuliwa. 1909 Mumia akapewa cheo cha chifu mkuu, na jamaa zake wakawekwa kutawala majirani. Kwa Wamarama, kwa mfano, aliwekwa ndugu yake Mulama. Fikiria unaletewa bosi ambaye hukumchagua, na kazi yake ni kukusanya kodi ya Mzungu.

Mzee wa watu hakukasirika. Akasema, "Mama, hilo pia ni kweli."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sitaki kujifanya msomi. Lakini historia ya sekondari niliiva. Tuliambiwa Nandi walipinga, Wanga walishirikiana, taja sababu tano, pata alama tano. Hakuna mwalimu aliniambia kwamba hao wawili wanaweza kuoana, wakanizaa mimi.

Maoni yangu ni haya. Mumia hakuwa mjinga. Alikuwa na maadui pande zote, akaona bunduki inaingia iwe isiwe, akaamua bora iwe upande wake. Naelewa. Lakini usalama wake ulilipiwa na watu wa kina mathe, na hiyo bili hatuwezi kuiita akili tu tukaenda nyumbani.

Na Waingereza walimlipa vipi? Reli ilifika Kisumu 1901, Mumias ikarukwa. 1920 makao ya wilaya yakahamishwa kutoka Mumias yakaletwa, guess wapi? Kakamega. Mji huu tunaojigambia ulikua kwa kunyang'anya Mumias kazi yake. Mumia akastaafishwa 1926, akafariki 1949. Walipomaliza kumhitaji, walimwacha hapo na kaburi lake.

Kwa hivyo ukiniuliza shujaa au msaliti, nakuuliza: ukiwa umesimama wapi? Kwa meza yetu ya chakula majibu ni mawili, na yote yana watu waliokufa ndani yake.

Tukirudi, buda alikaa kimya mpaka Shianda. Halafu akasema, "Mama watoto, Disemba twende Chetambe. Utuonyeshe wewe."

Mathe akasema sawa.

Kwenu je? Wikendi hii uliza wazee wa pande zote mbili, usiulize mmoja tu. Halafu kuja kwa komenti uniambie.